Baada ya Mavuno ya Zabibu

Alhamisi, 22 Agosti

Joto halijapungua tangu Jumapili. Kikao cha halmashauri kilianza asubuhi na kwisha mchana, na kibanda cha wakalimani hakina dirisha. Mimi hukaa humo na hedifoni masikioni. Madiwani husema Kiserbia, nami nakigeuza Kihungari papo hapo, na redio ya mji hurusha sauti yangu mpaka Kisrév, kijiji cha Wahungari ng'ambo ya mto Tisa. Waliobaki kule ni wazee, na Kiserbia chao ni cha kununulia chumvi tu. Wanaokijua vizuri wako Ujerumani.

Meya wetu, Radivoj Stakić, anajulikana nchi nzima kwa kusema mambo usoni. Leo amemwita mhandisi wa maji bata mzinga, na kamati ya bajeti kaiita kwaya ya viziwi. Kwa Kihungari nilisema: "Mheshimiwa meya hajaridhika na kazi ya kamati." Ndivyo nifanyavyo miaka yote. Natoa miiba, napitisha minofu. Hakuna aliyeniagiza. Nilianza kwa sababu niliona haya kutukana redioni wakati mama yangu anasikiliza, na mama alipofariki nikawa nimeshazoea.

Karibu na mwisho alisimama diwani wa Kisrév, Kálmán Börcsök, akauliza kwa Kihungari lini pantoni itarudi, nami nikamgeuza Kiserbia. Imeharibika tangu Julai, imefungwa mnyororo ukingoni kwetu, na watu wa kule wanazunguka kwa barabara mpaka darajani, mwendo wa saa nzima na zaidi. Meya akajibu: "Pantoni? Itarudi mwerebi utakapozaa zabibu." Mwerebi ni mti wa kandokando ya mto, hauzai tunda la kuliwa; Waserbia wakisema hivyo wana maana ya kamwe. Ukumbi ukacheka. Nilikuwa nyuma kwa sentensi nzima, jasho linaniingia machoni, mdomo ukadaka mkia wa maneno na kuacha kichwa. Nikasema: "Pantoni itarudi baada ya mavuno ya zabibu."

Sijameza mate, Kálmán akasimama tena. "Asante sana, mheshimiwa," akasema, akakaa. Meya alibaki mdomo wazi. Ukumbi ukacheka zaidi, wakidhani ni kejeli.

Nilikuwa na nafasi ya kusahihisha. Wakahamia ajenda ya takataka, nami nikahama nao.

Ijumaa, 23 Agosti

Joto. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimezunguka mpaka Kisrév kwa gari kumsaidia dada Etelka kuchoma pilipili hoho za majira ya baridi. Uani moshi mtupu. Alikuwa amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, anazigeuza kwa mikono mitupu kama hajui maana ya moto. Shemeji Gáspár alikaa kivulini akizimenya, polepole, akipumzika kila baada ya moja.

Figo za shemeji zimekwisha. Mara tatu kwa wiki lazima afike hospitali ya huku mjini kusafishwa damu kwa mashine. Pantoni ilipokuwapo alivuka kwa miguu yake, akarudi jioni. Sasa gari la wagonjwa linamzungusha kwa daraja, na siku nyingine haliji. Mwezi Julai niliwaambia wahamie kwangu, chumba cha nyuma ni kitupu tangu binti yangu aolewe. Walikuwa karibu kukubali. Etelka alishampata hata wa kununua mabata bukini wake.

Leo ameniambia hawaji tena. Alisema bila kuniangalia, akikung'uta maganda yaliyoungua. Meya ameahidi pantoni baada ya mavuno ya zabibu, alinisikia mwenyewe redioni nikisema, na kutoka sasa mpaka mavuno si mbali, wameshavumilia zaidi ya hapo.

"Meya wenu ana adabu," akasema. "Hata akikataa jambo, anakataa vizuri. Si kama wale wa zamani."

Gáspár akacheka. "Adabu ya nani? Ile si sauti ya Vili? Mke wangu amempenda meya kwa mdomo wa kaka yake."

Hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo, nikasema, "Tuone itakavyokuwa." Kisha pilipili za chini zikaanza kuungua, sote tukainuka.

Jumatano, 4 Septemba

Hakuna mvua. Nimetengeneza bawaba ya lango.

Jumatatu, 9 Septemba

Meya alikuwa kwenye televisheni ya Belgrade jana. Mwandishi wa gazeti moja la huko alimuuliza kuhusu barabara zetu, naye akamjibu kwamba gazeti lake halifai hata kufungia vipande vya nguruwe vya kukaanga, maana wino unaharibu ladha. Leo mji mzima unairudia kauli hiyo. Kwa mwokaji mikate, kwa kinyozi, kila mtu anaisema kama kaitunga yeye. Kinyozi aliniambia, wembe ukiwa shingoni mwangu, kwamba hapa kwetu mtu wa namna hii alikosekana muda mrefu, mtu anayesema anachofikiri.

Sikubishana na wembe. Lakini nimemtafsiri Stakić kwa miaka na naijua mishono yake ya ndani. Anachofikiri juu ya watu, anakisema. Anachofikiria kufanya, hajawahi kukisema hata siku moja.

Jumapili, 15 Septemba

Kálmán ametuletea habari redioni: vijana wachache waliobaki Kisrév wamefyeka matete gatini na kupaka rangi kibanda cha kusubiria pantoni. Rangi ya buluu. Amesema wametumia rangi iliyobaki kanisani. Habari hiyo nimeisoma mimi, kwa sauti yangu ya kila siku, pamoja na bei ya mahindi.

Jumanne, 17 Septemba

Nimemwambia Dušica, mkuu wa redio. Ni mwanamke mwenye akili na hana muda. Nilipofika kwenye mwerebi na zabibu alicheka mpaka akashika meza, halafu akainuka, akafunga mlango.

Alinieleza mambo kwa mpangilio, kama mtu anayempangia mtoto begi la shule. Uchaguzi ni mwanzoni mwa Novemba. Nikisahihisha sasa, wataniuliza mengine mangapi nimeyageuza. Nikisema mengi, watasema idhaa ya Kihungari imewadanganya watu miaka yote, na wapo wanaotafuta sababu ya kuifunga. Wasomaji habari wawili watakosa kazi pamoja nami, na mmoja ana mtoto mchanga.

"Bwana Vilmos," akasema, "mimi na wewe tunalindwa na kitu kimoja tu. Hakuna Mserbia anayesikiliza matangazo yenu. Usiwape hamu."

Nikamuuliza na watu wa Kisrév je. Akasema niende kwa meya. Maneno ni yake, ayasahihishe yeye; kazi yake si ndiyo hiyo, kusema ukweli.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimekwenda kwa meya.

Alinipokea vizuri. Mezani alikuwa na chupa ya pombe kali ya plamu ya kwao kijijini, akanimiminia kabla sijakaa. Sijawahi kukaa naye ana kwa ana. Kwenye kibanda namwona kisogo tu. Nilimweleza kila kitu, kwa Kiserbia safi, kwa mfuatano: alichosema, nilichosema, wanachoamini. Alipasuka kwa kicheko, machozi yakamtoka. Akanitaka niseme ile sentensi kwa Kihungari jinsi nilivyoisema, nikasema, akaijaribu mwenyewe akashindwa.

"Kwa hiyo ndiyo maana yule mzee akanishukuru," akasema. "Siku nzima nilidhani ananitukana. Nikasema, huyu mzee ana kipaji."

Nikamwambia wamepaka rangi kibanda. Nikamwambia kuna mgonjwa anayeahirisha kuhama. Sikusema ni shemeji yangu. Naye akaacha kucheka, akauliza:

"Hao wa kule huwa wanapiga kura?"

"Wote, mheshimiwa. Hawana kazi nyingine siku ya Jumapili."

Akasogeza glasi yake kidogo mezani, akairudisha ilipokuwa.

"Sasa sikiliza. Mimi nimesema nini? Nimesema mwerebi. Si ndiyo? Kumbukumbu za kikao zinaonyesha mwerebi. Mimi sijamdanganya mtu."

"Ndiyo. Lakini wao hawajasikia mwerebi."

"Hilo si kosa langu."

"Ni langu. Nataka kusahihisha."

Alitazama dirishani. Kuna njiwa pale kila siku, namwona nikipita barabarani, lakini leo hakuwepo, nilitazama pia. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ambayo sikuwa naijua: "Kila jambo lina siku yake, bwana. Mtu akiniuliza mimi, nitamwambia usoni, unanijua. Hakuna aliyeniuliza."

Nimemsikia mtu huyu akimwambia mjane kwamba paa lake limeanguka kwa uvivu wa marehemu. Leo kwa mara ya kwanza amesema jambo ambalo ningeweza kulipitisha kwa Kihungari bila kutoa hata mwiba mmoja.

Sikuimaliza ile pombe.

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua imeanza. Barabara ya darajani imejaa maji pale bondeni, gari la wagonjwa jana liligeuza njiani. Shemeji amekosa mashine. Etelka ameniambia kwenye simu kwamba si neno, mara moja haidhuru, na kwamba zabibu zimeiva mapema mwaka huu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua. Nimepanga upya mitungi ya kachumbari ghalani, kisha nikairudisha ilivyokuwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Meya alikwenda Kisrév kuomba kura, nami nilichukuliwa kwenda kutafsiri. Walikuwa katikati ya mavuno. Zabibu za kule ni za mchangani, ndogo na nyeusi, kila nyumba ina mistari michache nyuma ya banda la kuku. Watu walitoka shambani wakiwa na mikono ya zambarau, wakasimama mbele ya kanisa. Wanawake walikuwa wamevaa mabuti ya matope na blauzi za kanisani.

Meya alisema vizuri. Aliwasema wa Belgrade, akawasema wa Brussels, akamsema mpinzani wake kwamba mkewe ndiye anayemchagulia soksi. Nilipitisha yote, na soksi. Watu walicheka. Juu ya pantoni hakusema hata neno. Nilianza kudhani siku itapita.

Kisha Etelka akajipenyeza mbele. Dada yangu ni mfupi, alibeba bakuli la zabibu mbele ya tumbo kama mtu anayekwenda kubatiza. Akamwambia meya, si mimi, akamtazama yeye:

"Bwana meya, mume wangu ni mgonjwa. Nataka kujua kama nisubiri au nisisubiri. Pantoni inakuja lini?"

Nikamgeuzia kwa Kiserbia. Kila neno, na ule mgonjwa, na kusubiri na kutosubiri. Nikamtazama machoni wakati nasema. Nilifikiri: sasa umeulizwa.

Meya akachukua zabibu moja kwenye bakuli, akaila. Akasema ni tamu.

"Mwambie mama," akasema, "kila kitu kwa wakati wake. Na wakati wenyewe, kama ninavyoona, umeshaiva."

Wale wasaidizi wake wawili wakatabasamu. Nilisimama pale. Watu walinisubiri, kofia mikononi. Nikatafsiri alivyosema, neno kwa neno, maana hakusema uongo wowote ambao ningeweza kuushika. Wakapiga makofi. Etelka akampa bakuli lote.

Nikiwa garini kurudi, meya alilala. Nilikuwa nikimwona mkali, labda hata mkatili, lakini nilidhani ni mtu aliyezaliwa bila kifuniko. Kifuniko anacho. Anakitunza kwa siku za kazi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Gari la wagonjwa halikuja tena. Etelka alinipigia asubuhi, nikazunguka mwenyewe kumchukua shemeji. Bondeni maji yalifika kwenye milango ya gari. Shemeji alikuwa amevimba miguu na uso, rangi ya nta. Alipanda gari kwa hatua za mtoto, akaniomba msamaha kwa kuchafua mkeka.

"Nimeumuka kama mkate wa Krismasi," akasema. "Ukinibonyeza naacha alama."

Tulipopita gatini upande wao niliona kibanda cha buluu. Kulikuwa na bibi amekaa ndani, na kikapu. Nilimuuliza shemeji anasubiri nini. Akasema hakuna anachosubiri, anakuja kuangalia tu kama ng'ambo wameanza kufungua mnyororo.

Muuguzi aliyempokea aliniuliza huyu amekosa mara ngapi. Nikamwambia. Akanitazama kama mimi ndiye daraja.

Nimemwambia shemeji abaki kwangu. Anasema Etelka hatakubali kuacha nyumba wakati pantoni i karibu, na yeye hawezi kulala mahali ambapo Etelka hayupo, ameshajaribu jeshini.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kikao. Naandika haya nikiwa nimekaa jikoni.

Kálmán aliomba nafasi mapema. Alikuwa amevaa tai. Akasema kwa heshima zote kwamba mavuno ya zabibu yamekwisha, Kisrév wamevuna, na wananchi wanaomba kujua tarehe. Nikamgeuza kwa Kiserbia. Madiwani wakatazamana, maana hawakujua zabibu zimeingiaje. Meya alijua. Akasimama, akavuta koti, akasema kwamba suala la usafiri wa majini linashughulikiwa kwa ushirikiano na vyombo husika.

Kwa miaka yote hiyo sijawahi kusikia vyombo husika kutoka mdomoni mwa Radivoj Stakić.

Niliyatafsiri maneno yake. Nilikamilisha mpaka nukta. Kisha nikasema, kwa Kihungari, na taa nyekundu ya matangazo ikiwa imewaka:

"Hapa sasa mkalimani anasema kwa niaba yake mwenyewe. Tarehe ishirini na mbili Agosti meya hakusema baada ya mavuno. Alisema mwerebi utakapozaa zabibu. Yaani kamwe. Nilikosea mimi, na sikusahihisha. Pantoni haiji. Hakuna aliyeiahidi. Msisubiri. Mwenye mgonjwa, amtoe leo."

Nikazima kitufe. Ukumbini Waserbia hawakujua lolote limetokea. Mmoja alikuwa anamenya chungwa. Wale wa Kihungari tu, wanne, waliacha kusogea. Kálmán alivua hedifoni, akaishika mbele yake, akaigeuza kama anatafuta ilipovunjika.

Meya aliona sura yake. Akageuka, kwa mara ya kwanza, akatazama kibandani kwangu.

"Anasemaje yule kwenye sanduku?" akauliza.

Mkalimani wao ni mimi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Simu tangu asubuhi. Nilidhani watamkasirikia meya. Wananikasirikia mimi.

Mwalimu mstaafu wa Kisrév, aliyenifundisha kusoma, aliniambia kwa upole kwamba nimewaaibisha. Mwingine, sijui ni nani, alinitukana kwa ufasaha ambao ningeupenda kama ungekuwa wa mtu mwingine. Wote wanafika pale pale: kumbe meya alisema wazi tangu Agosti. Meya hakuwaficha. Aliyewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa ni Mhungari mwenzao, na si mara hii tu. Sasa wanakumbuka kila neno la adabu la miaka yote na kujiuliza lilikuwa nini.

Wako sawa.

Mchana meya alizungumza na waandishi wa habari. Kicheko chake kimerudi. Alisema yeye aliwaambia watu wa Kisrév usoni kwamba pantoni haipo, na kwamba mnafiki hapa ni yule mwenye sauti ya asali. Dušica amenisimamisha kazi. Aliniletea koti langu mwenyewe mpaka mlangoni, akanifunga kifungo cha juu, akasema, "Nilikwambia, Bwana Vilmos," na macho yake yalikuwa mekundu.

Jumapili, 20 Oktoba

Etelka hapokei simu.

Jumatano, 23 Oktoba

Hapokei. Gari la wagonjwa limefika Kisrév, nimeuliza hospitali. Shemeji amepata mashine yake.

Jumatatu, 28 Oktoba

Gazeti la Belgrade, lile lisilofaa kufungia nyama, limemwandikia meya makala nzima. Kichwa chake kinasema amesema kweli akatafsiriwa uongo. Kinyozi amelibandika ukutani. Nimejinyoa nyumbani.

Jumatatu, 4 Novemba

Jana ulikuwa uchaguzi. Stakić ameshinda. Ameshinda mpaka Kisrév, kwa kura nyingi kuliko mara iliyopita. Kálmán alinieleza sababu barabarani, bila kunipa mkono: watu wanasema bora anayekukataa usoni. Nikamuuliza, na ile siku ya mbele ya kanisa, alipoulizwa? Akafikiri. Akasema, ile siku nani ajue alisema nini. Wewe ndiye uliyekuwa unatafsiri.

Alhamisi, 7 Novemba

Etelka alipiga simu asubuhi. Hakusalimu. Alisema Jumatatu gari halikuja, jana halikuja, Gáspár usiku alishindwa kupumua akilala, wakamweka kwenye kiti mpaka alfajiri, jirani akawaleta kwa gari lake. Sasa yuko hospitali, amewekwa mashine, na kuna daktari anataka kusema naye na yeye haelewi.

"Njoo," akasema, na kukata.

Nilimkuta koridoni, kwenye benchi, amevaa koti juu ya aproni. Hakuinuka kunisalimu. Alikuwa amekonda usoni. Nilikaa pembeni yake tukatazama ukuta. Baadaye akasema kwamba mabata wameuzwa Jumatatu, kwa yule yule wa Julai, ila kwa bei ya chini, na kwamba alikuwa anataka kuniambia lakini hakujua aniambie kwa ulimi gani. Nilisema jiko la chumba cha nyuma nimeliwasha tangu jana.

Daktari alikuja. Mwanamke mrefu wa Kiserbia, Vukosava Lalić, ambaye wauguzi wanamwogopa. Hakukaa.

Kabla hajafungua mdomo, Etelka alinishika mkono juu ya kiwiko. Ana mkono mgumu, alinibana mpaka nikageuka.

"Vili. Atakavyosema yeye, hivyo hivyo," akasema. "Usinitengenezee."

Nikasema sawa.

Daktari akaanza. Alisema mumewe ana maji mapafuni na moyo umepanuka. Nikasema: ana maji mapafuni na moyo umepanuka. Alisema hilo si bahati mbaya, ni kwa sababu amekosa mashine. Nikasema hivyo. Alisema kijijini akirudi atakufa, labda kabla ya Krismasi, na hakuna daktari wa kumlaumu wala gari la kulilaumu, kwa sababu ameshaambiwa. Nilipofika kwenye atakufa, ulimi ulitaka kwenda pembeni. Niliusikia ukigeuka, kama farasi anayeijua njia ya zizini. Kihungari kina maneno mengi ya kufa yasiyosema kufa, na yote yalinijia kwa pamoja. Nikasema: atakufa.

Etelka alitikisa kichwa kwamba amesikia.

Daktari akasema akihamia upande huu wa mto, akafika kwenye mashine kila siku yake bila kukosa, anaweza kuishi miaka. Hawezi kuahidi. Anaweza. Nikasema: anaweza kuishi miaka, haahidi, anaweza.

Ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilihisi nimebeba magunia.

Etelka alifungua vifungo vya koti, akavifunga tena. Halafu akamtazama daktari kuanzia viatu mpaka juu, akasema kwa Kihungari, taratibu, neno baada ya neno:

"Huyu mwanamke ana moyo wa kisiki na uso wa kupasulia kuni. Lakini nimemwelewa. Gáspár anahama leo."

Daktari akanigeukia. "Amesemaje?"

Nikamwambia.